Hesabu matenga kabla ya kumkaribisha mbia: soko na stendi kwa ubia, kama nilivyojifunza mimi

Nilikaa ofisi ya mipango ya halmashauri miaka 22, na katika miaka hiyo nilishika miradi miwili ya ubia na sekta binafsi. Soko lilituumiza. Stendi ilitulipa. Tangu nistaafu, vijana niliowaacha maofisini hunipigia simu na swali lilelile: "Mama, kuna mwekezaji amekuja na ramani nzuri, Mkurugenzi anataka andiko wiki ijayo. Tuanzie wapi?" Nawajibu waanzie sokoni, saa kumi alfajiri, na daftari mkononi. Haya ninayoandika ni maelezo marefu ya jibu hilo.

Niseme kwanza ubia ni nini, maana neno hili limechafuliwa. Mbia analeta fedha zake au za benki, anajenga, anaendesha kwa miaka mliyokubaliana, anarudisha fedha yake kutoka kwa wanaotumia huduma au kutoka serikalini, kisha anakukabidhi mali. Kumpangisha mfanyabiashara kiwanja cha halmashauri ajenge fremu zake si ubia, ni upangaji. Mkandarasi anayejenga kwa fedha zenu na kuondoka naye si mbia. Hata Daraja la Nyerere kule Kigamboni, ambalo watu hulitaja sana kwenye semina, fedha zake zilitoka NSSF, mfuko wa umma wa hifadhi ya jamii, na serikalini, yaani pande zote mbili ni umma. Kwenye ubia wa kweli kuna mtu binafsi anayeweza kupata hasara. Ukisoma mkataba mzima usione mahali ambapo mbia anaweza kuumia, jua atakayeumia ni wewe.

Sheria ipo na inasomeka: Sheria ya Ubia kati ya Sekta ya Umma na Sekta Binafsi ya mwaka 2010, Sura ya 103, iliyorekebishwa 2014, 2018 na 2023, pamoja na kanuni zake za 2020. Soma toleo lenye marekebisho, usisome nakala ya zamani iliyolala kwenye kabati la ofisi ya sheria. Ngazi zenyewe ni hizi: andiko la awali, upembuzi yakinifu (uchunguzi wa kina wa kama mradi unalipa), idhini za juu, zabuni, majadiliano, mkataba kupitiwa na wanasheria wa serikali, ndipo kusaini. Kipo pia Kituo cha Ubia chini ya Wizara ya Fedha, chenye watu wanaofanya kazi hii kila siku. Waandikie mapema, wakati wazo bado ni laini. Sisi kwenye soko tuliwaza kwamba kuuliza ni kujichelewesha.

Hesabu yako itangulie hesabu yake

Mwekezaji wetu wa soko alikuja na ramani ya ghorofa tatu, karatasi inang'aa, watu weupe weupe wamechorwa wakipanda ngazi za umeme. Andiko lake lilisema wafanyabiashara 600 wanasubiri nafasi. Tulipoulizwa kwenye kikao kama takwimu hiyo ni sahihi, hakuna aliyekuwa na nyingine. Kwa hiyo ya kwake ikawa yetu. Ikaingia kwenye muhtasari wa Baraza la Madiwani kama takwimu ya halmashauri, na muhtasari ule niliuandaa mimi.

Baada ya jengo kuisha na ghorofa mbili za juu kubaki tupu, nilikwenda kukaa na mama mmoja muuza nyanya aliyekuwa amerudi kupanga mafungu barabarani, mita chache kutoka kwenye geti la soko jipya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekuja kutufukuza?"

"Hapana mama. Nimekuja kuuliza kwa nini hamtaki kule juu."

Akaninyooshea kidole kwenye matenga yake manne. Tenga moja la nyanya linabebwa na kuli kutoka kwenye gari hadi chini hapo kwa shilingi mia tano. Kuli yuleyule kupanda ghorofa ya pili anataka elfu mbili. "Na mteja wangu," akasema, "ni mama ametoka kazini, ameshuka daladala, ana mtoto mgongoni. Apande ngazi kwa fungu la nyanya la mia tano?" Kile alichonieleza kwa dakika tatu, hakuna ukurasa wa upembuzi yakinifu wetu uliokuwa nacho. Wala hakikuhitaji mtaalamu. Kilihitaji mtu amuulize kabla.

Kwa stendi tulifanya tofauti. Kwa siku 14, zikiwemo siku mbili za gulio na Jumapili mbili, vijana sita wa ofisi walikaa getini kwa zamu kuanzia saa kumi alfajiri hadi saa nne usiku. Waliandika kila gari: basi kubwa, kosta, hiasi, limeingia saa ngapi, limekaa dakika ngapi, limeshusha au limepakia, limelipa au limepita. Tukalinganisha na makusanyo ya mashine za POS, zile za kukatia risiti za ushuru, kwa siku zilezile. Pengo lililoonekana lilinifanya nikae chini. Magari mengi yalikuwa yanapakia nje ya geti, kwenye kituo cha mafuta, kwa hiyo vitabu vyetu vilionyesha stendi ndogo kuliko iliyopo. Mbia angeijua siri hiyo kabla yetu, angetupa mgawo wa stendi ndogo na kuchuma kwenye stendi kubwa.

Kwa soko fanyeni hivyohivyo, ila hesabuni watu na mizigo. Nani ana kizimba, nani anapanga chini, nani anakuja alfajiri na kuondoka saa mbili, nani analipa ushuru wa siku, mama lishe wangapi, mzigo unashukia wapi, maji yanatoka wapi. Pigeni picha kila mfanyabiashara akiwa mahali pake na mpeni namba. Orodha hiyo itawafaa mara ya pili siku ya kugawa vizimba vipya, wakati majina mageni yatakapoanza kuchipuka usiku.

Kalamu na karatasi kabla ya mshauri

Mshauri mwelekezi ni lazima, lakini hesabu ya kwanza ifanye mwenyewe. Nitaonyesha kwa tarakimu za mfano.

Tuseme soko lina vizimba 400 kwa Sh 30,000 kwa mwezi na fremu 120 kwa Sh 150,000. Vikijaa vyote, kwa mwaka vizimba vinaleta Sh milioni 144 na fremu Sh milioni 216, jumla Sh milioni 360. Toa ulinzi, usafi, taka, umeme, maji na matengenezo madogo, tuseme Sh milioni 60. Zimebaki milioni 300.

Sasa jengo la ghorofa linagharimu Sh bilioni 2, na mbia amekopa benki kwa riba ya asilimia 15. Riba peke yake mwaka wa kwanza ni Sh milioni 300. Yaani soko likiwa limejaa hadi kizimba cha mwisho, fedha yote inaishia kwenye riba, na deni halijapungua hata shilingi. Hakuna miaka ya mkataba itakayoponya hesabu hiyo, si 20 wala 40. Mbia anayesema mradi huo unamlipa ana mpango mwingine ambao hajakuonyesha: kupandisha kodi ya fremu, kuchukua kodi ya miaka mingi mbele kwa wapangaji, au kukuomba dhamana.

Badilisha jengo. Ondoa ghorofa, jenga mabanda ya chini yenye paa la juu linalopitisha hewa, sakafu ya zege yenye mifereji, vyoo vya kutosha, sehemu ya kushushia mzigo. Tuseme gharama inashuka hadi Sh milioni 900. Riba mwaka wa kwanza ni milioni 135. Chukua soko limejaa kwa asilimia 80 tu, makusanyo ni Sh milioni 288, na baada ya gharama zinabaki 228. Halmashauri ikichukua milioni 40 kila mwaka, mbia anabaki na 188, na kabla ya kuhesabu kodi deni lake linaisha kama mwaka wa tisa hivi. Hapo mkataba wa miaka 15 unaongeleka.

Ndiyo maana nasema hesabu ndiyo inayochora jengo. Tulipoanza na jengo, tukawa tunatafuta hesabu ya kulistahilisha. Na kama hata mabanda hayalipi, basi huo si mradi wa ubia. Jengeni kidogokidogo kwa mapato ya ndani, au ombeni fedha za serikali kuu.

Nani abebe nini

Kila jambo linaloweza kuharibika liandikwe jina la mwenye kulibeba. Kanuni ninayoifuata ni kumpa yule anayeweza kulizuia. Ardhi yenye mgogoro, fidia, vibali vya halmashauri na kuwahamisha wafanyabiashara kwa muda, hayo ni yetu. Ujenzi kuchelewa, bei ya saruji na nondo, ubora wa jengo, mashine kuharibika, hayo ni ya mbia. Mafuriko mjadiliane, lakini anzeni kwa kuchagua kiwanja. Dar es Salaam, karakana ya mabasi yaendayo haraka iliwekwa Jangwani, kwenye bonde la Msimbazi, na mvua kubwa zikawa zinaifunika, mabasi yanaharibika na huduma inasimama. Hakuna kifungu cha mkataba kinachozuia mto usipite njia yake.

Jambo zito kuliko yote ni vizimba kukosa watu. Mkataba wetu wa soko ulikuwa na mstari mmoja, ukurasa wa 31, uliosema halmashauri "itahakikisha" soko linajaa kwa asilimia 90 kuanzia mwaka wa pili. Neno lile lilisomwa kikaoni kama maneno ya ushirikiano mwema. Maana yake kisheria ilikuwa kwamba nafasi zikibaki tupu tunafidia sisi. Tulifidia kwa kukatwa mgawo wetu wote, mwaka baada ya mwaka, na huku askari wetu wa mgambo wakitumwa kuwaswaga akina mama kutoka barabarani ili ghorofa zijae. Jambo hilo la pili linaniuma kuliko fedha.

Nchi nzima ilishapita njia hii kwa kiwango kikubwa zaidi. Mkataba wa umeme wa IPTL, kampuni binafsi, ulisainiwa 1995 kwa miaka 20, mtambo wa megawati 100 pale Tegeta, na ndani yake kulikuwa na malipo ya kuwepo kwa mtambo: TANESCO, shirika la umeme la umma, ilipe iwe imechukua umeme au haikuchukua. Malipo ya namna hiyo yana sababu zake, benki huyapenda. Lakini anayeyaahidi ajue ameahidi kulipia kitu hata siku asipokihitaji.

Usikubali pia deni wala tozo vifungwe kwenye dola ikiwa wateja wako wanalipa kwa shilingi. Wenzetu Kenya wana barabara ya juu ya Nairobi, kilomita 27 kutoka Mlolongo hadi Westlands, iliyojengwa na kampuni ya Kichina kwa mkataba wa miaka 27. Ilifunguliwa 2022, na gari dogo likiimaliza yote lililipa Sh 360 za Kenya. Shilingi yao ilipodhoofika, Januari 2024 tozo hiyo ikapanda hadi Sh 500. Mwenye gari anaweza kushuka akatumia barabara ya chini. Muuza nyanya wako hana soko la chini la kushukia, isipokuwa lile la barabarani.

Vifungu ninavyovipigania

Mgawo uwe asilimia ya makusanyo ghafi, yaani kabla ya kutoa gharama, usiwe asilimia ya faida. Faida ni kitu laini. Mbia anaweza kujilipa ada ya usimamizi, kukodi magari kwa kampuni ya ndugu yake, na mwisho wa mwaka akakuonyesha hasara iliyokaguliwa vizuri. Makusanyo ghafi unayaona. Yaonekane hivi: kila malipo yapite kwenye namba ya malipo ya serikali, fedha ziingie akaunti moja ambayo pande zote mbili zinaiona, kisha benki igawe yenyewe kila wiki kwa maelekezo ya kudumu. Fedha isikae mkononi mwa mbia ikisubiri huruma yake, wala mkononi mwa halmashauri, maana sisi nasi tuna tabia ya kukopa fedha ya mradi kulipia madawati.

Hati ya kiwanja isitoke. Mpe mbia haki ya kutumia ardhi kwa kipindi cha mkataba. Benki yake itataka dhamana, na ni haki yao. Waandikieni dhamana juu ya mapato ya mradi, na haki ya kuteua mwendeshaji mwingine kwa idhini yenu endapo mbia atashindwa. Nimeona halmashauri ikisaini barua ya "kutokuwa na pingamizi" bila kuelewa kwamba imeruhusu kiwanja cha soko la wananchi kuwekwa rehani.

Viwango vya huduma viandikwe kwa vitu vinavyoonekana. Badala ya "huduma bora za usafi", andika: vyoo vinafunguliwa saa kumi alfajiri, maji yapo bombani saa zote, taka zinaondoka kabla ya saa moja jioni, taa ya geti ikizima inawaka ndani ya saa 24. Kila kosa liwe na makato yake. Kwenye stendi tulimkata mbia mara mbili kwa vyoo kufungwa alfajiri. Hakukuwa na ugomvi, kwa sababu karatasi ilisema.

Na bei: kodi ya kizimba na ushuru wa gari vipandishwe vipi, baada ya miaka mingapi, kwa kipimo gani, nani aidhinishe. Msiache "itapangwa kwa makubaliano". Diwani mpya akiingia na ahadi ya kufuta ushuru, mkataba uwe unajua cha kufanya.

Zabuni na bei inayopendeza mno

Hata kama wazo limeletwa na mwekezaji, lishindanishwe. Wengine wataona aibu kumwambia mtu aliyegharamia ramani kwamba wengine pia wataomba. Msione aibu, sheria inajua namna ya kumtambua mwenye wazo. Kushindanisha kunawaokoa ninyi na maneno, kunamwokoa na yeye.

Lakini msiteleze kwenye ushindi wa bei. Dar es Salaam mwaka 2003 ilikabidhi uendeshaji wa majisafi kwa City Water, kampuni ya wabia wa Uingereza, Ujerumani na wa hapa nyumbani, kwa mkataba wa miaka 10. Makusanyo hayakufikia yaliyotarajiwa kwenye zabuni, na Mei 2005 Serikali ikavunja mkataba. Kesi ikaenda nje. Mwaka 2008 baraza la usuluhishi la Benki ya Dunia likasema Tanzania ilikosea katika namna ilivyomtoa mbia, lakini halikumpa fidia hata senti. Masomo yamo mawili. Zabuni iliyojengwa juu ya makusanyo ya ndotoni itakufia mkononi mwako na wananchi hawana maji. Na mbia hata akiwa ameshindwa kweli, mtoe kwa hatua za mkataba: notisi, muda wa kurekebisha, kisha kusitisha. Hasira za jukwaani zina gharama yake.

Ulizeni pia fedha iko wapi. Barua ya benki yenye masharti yanayotimizika, si barua ya "tutafurahi kufikiria". Wekeni siku ya mwisho ya mbia kuonyesha fedha. Ikipita, mkataba unakufa wenyewe bila fidia na kiwanja kinarudi. Kuna viwanja nchini vimezungushiwa mabati miaka mingi kwa kukosa mstari huo mmoja.

Baada ya utepe kukatwa

Hapa ndipo ofisi nyingi hulala. Mkataba wa miaka 15 unahitaji mtu wa kuusoma kwa miaka 15, na sisi watumishi tunahamishwa. Andaeni daftari la mkataba: tarehe zote za kupandisha bei, bima, ukaguzi, ripoti. Afisa akihama analikabidhi kwa saini, kama mtunza stoo anavyokabidhi funguo. Mimi nilikuwa na Ijumaa ya mwisho ya mwezi. Naenda stendi na kijana mmoja, tunahesabu magari kwa saa mbili, tunalinganisha na mfumo. Wapiga debe walishanizoea, wakiniona wanapaza sauti, "Mama wa daftari kaja!" na geti linachangamka.

Mwisho wa mkataba nao uandikwe mwanzoni. Uganda iliikabidhi kampuni binafsi iitwayo Umeme usambazaji wa umeme mwaka 2005 kwa miaka 20. Mkataba ulipoisha Machi 2025, Serikali ikalipa takriban dola milioni 118 kwa uwekezaji ambao haukuwa umerudishwa, kampuni ikasema inadai zaidi ya hapo, na mgogoro ukaenda kwenye usuluhishi London. Miaka 20 ilikuwapo ya kukubaliana namna ya kuhesabu. Kwetu sisi wenye masoko na stendi, inatosha kuandika mambo matatu: kila mali mpya inasajiliwa na thamani yake kukubaliwa mwaka uleule iliponunuliwa, miaka mitatu kabla ya mwisho wahandisi wa pande zote wanakagua na kuorodhesha ya kurekebishwa, na kuanzia hapo sehemu ya mapato ya mbia inazuiliwa hadi orodha iishe.

Kiambatisho cha mali cha stendi yetu kina kurasa 14. Mbia alilalamika kwamba tunahesabu hadi mabenchi. Tulihesabu mabenchi, taa, feni, matundu ya choo, na pampu ya kisima kwa namba yake ya kiwandani. Mwaka wa nne pampu ile iliondolewa usiku ikawekwa nyingine ndogo, iliyotumika. Kijana niliyemwachia ofisi alikwenda na kurasa zake, akainama kisimani na tochi ya simu, akasoma namba, akapiga picha. Wiki iliyofuata pampu mpya ya ukubwa uleule ikafungwa, na namba yake ikaandikwa ukurasa wa 9, chini ya ile ya zamani, kwa saini mbili.